Mkanda Haushonwi Mdomoni

Mfuko wa vifaa vya kudarizi tulioonyeshwa kwenye televisheni juzi utakatika mkanda, na hautamaliza mwaka. Mliotazama mliona maua ya kitenge yalivyokutanishwa pembeni, zipu ilivyolala bila kukunjamana, na vifuko vya mikasi na nyuzi vilivyopimwa sawasawa. Kazi safi. Kisha fundi akafika kwenye mikanda. Akaibana katikati ya kitenge na bitana, akapiga mstari mmoja wa cherehani mdomoni, akaugeuza mfuko na kutuonyesha umekwisha.

Tuhesabu. Mkanda ule una upana wa sentimita 2.5 hivi. Urefu wa mshono ukiwa milimita 2.5, kila ncha ya mkanda imechomwa sindano mara 10 tu. Weka ndani fremu, mikasi miwili, nyuzi, kopo la vifungo na kitambaa kinachodariziwa, uone kama hujafika kilo 2. Tena mzigo hauvuti wima siku zote. Mtu akiunyakua mfuko kwa mkanda mmoja, nguvu inakwenda upande, na pigo la pembeni linabeba kabla ya wenzake. Uzi ukikatika hapo, zamu ni ya pigo linalofuata.

Lililoniuma zaidi ni pale aliposhika mikasi. Eti mdomo usivimbe, akapunguza akiba ya mshono hadi nusu sentimita, mahali palepale mikanda ilipoingia! Kitenge ni pamba, na ukingo wake uliokatwa huchomoka nyuzi. Kwa akiba ndogo namna ile, uzi wa cherehani unaweza kubaki mzima, kitambaa chenyewe kikachomoka kwenye mshono. Alituambia kile kitambaa kigumu cha kugandishwa kwa pasi kitashika. Nimeshaandika na naandika tena: kile kinausaidia mfuko kusimama. Kubeba si kazi yake.

Najua chanzo. Wengi wanaofundisha ushonaji huanza na gauni na kumalizia na gauni. Kubana kitu katikati ya nguo mbili, kushona na kugeuza ni ufundi wa kola, na kwenye kola ni ufundi mzuri sana, kwa kuwa kola haining'inizwi mzigo. Mfuko ukisahihishwa kwa jicho la gauni, atapewa alama aliyeficha mwanzo wa mkanda.

Mafundi wa barazani wa zamani, wale wa Singer za kukanyaga, hawakuuficha. Waliuteremsha mkanda juu ya mwili wa mfuko, wakauzungushia mshono pande nne, kisha wakapiga mistari miwili ya kukatana ndani yake. Mraba kama huo wa sentimita 2.5 kwa 3 una mapigo zaidi ya 70, na yanagawana mzigo kwa sababu mkanda umelala sambamba na kitambaa. Nyuma yake walitia kipande cha marekani nzito. Bitana ilikuja mwisho. Washona matanga wa majahazi nao hawakuiachia nguo peke yake ipambane na upepo. Walishonea kamba ukingoni ibebe. Hata ule mfuko wa turubai wa L.L. Bean wa Marekani, uliotolewa mwaka 1944 kwa kubebea barafu na unaouzwa hadi leo, mikanda yake imeshonewa nje ya mwili, watu wote wakaiona, na haujawahi kuitwa mbaya kwa hilo.

Kwa mlioshona pamoja na yule fundi wa televisheni, mfuko unaokoleka. Fumueni mdomo pale penye mikanda tu, ichomoeni, muufunge mdomo bila mikanda. Kateni mingine mirefu zaidi, kila ncha ishuke sentimita 8 upande wa nje. Fumueni bitana chini, pengo la kuingiza mkono, mpachike kipande cha jinzi nyuma ya kitenge na kukipiga bandi. Bitana isogezeni kando, kisha pigeni mraba na mistari yake kwa sindano namba 16 na uzi wa poliesta. Pale penye unene, gurudumu la cherehani lizungusheni kwa mkono.