Kitabu cha "Rosa Mistika" na Malezi ya Watoto

Kitabu cha Rosa Mistika, alichokitunga Euphrase Kezilahabi, kilipigwa chapa mwaka 1971. Mtungaji alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi, akafariki mwaka 2020. Kitabu kilikatazwa kwa muda kusomwa mashuleni, maana chasema waziwazi mambo ya zinaa. Sisi twaona ya kuwa wanaopaswa kukisoma kwanza ni wazazi.

Habari yake ni hii. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina, watu wa Ukerewe. Baba ni mlevi. Mama ni mvumilivu, naye hupigwa na mumewe. Siku moja Rosa apata barua ya kijana, na baba ampiga vibaya sana. Tangu hapo awaogopa wanaume, na watu humsifu kuwa ana adabu. Lakini akiisha kwenda shule mbali na nyumbani, asipokuwapo wa kumwogopa, aanguka. Mwisho ajiua.

Wengi husema kwamba kitabu hiki ni onyo kwa wasichana. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya kweli. Kumlinda binti si kosa. Kosa la Zakaria ni kumpa binti hofu mahali pa shauri. Hofu hukaa pale alipo mwenye fimbo. Fimbo ikibaki nyumbani, adabu nayo hubaki nyumbani. Tena Zakaria alimdai mtoto kiasi, naye mwenyewe hana kiasi mbele ya pombe. Mtoto husikia neno moja kwa masikio, na jingine huliona kwa macho. Nalo la macho hushinda.

Huenda mtu akajibu, "Samaki mkunje angali mbichi." Vema, lakini methali yasema kukunja, haisemi kuvunja. Wala tusikimbilie ulegevu, kwani kuhani Eli hakuwazuia wanawe, nao wakapotea vilevile.

Hata hivyo kitabu kina upungufu. Mtungaji aharakisha anguko la Rosa, hata wanaume waliomharibu wapita kama vivuli, nasi twakaribia kusahau hatia yao. Tena msomaji asidhani ya kuwa kila mtoto wa mlevi hana budi kupotea. Rosa alikuwa na hiari yake, na hadithi moja si sheria. Mzazi hamchagulii mtoto mwisho wa safari. Humfungia masurufu ya njiani. Zakaria alimfungia binti yake mzigo usio na chakula.

Rosa Mistika ni jina la sifa la Bikira Maria katika litania ya Loreto. Nasi pia huwachagulia watoto wetu majina matakatifu siku ya ubatizo. Basi kila mzazi akifunge kitabu hiki na kujiuliza: baada ya jina, nimempa nini?