Namna ya Kumsikiliza Paul Kossoff

Wapenzi wa roki nzito wakianza kuhesabu wapiga gitaa wa Uingereza, majina huja kwa mpangilio uleule: Clapton, Page, Beck, Blackmore. Paul Kossoff wa bendi ya Free hutajwa mwishoni, tena kama kuna aliyemkumbuka. Mimi namweka juu zaidi ya hapo. Katika kizazi kile simjui aliyejua kuitunza nota baada ya kuipiga kama yeye. Kuipiga ni kazi ya kufumba na kufumbua. Fundi hujulikana kwa kinachofuata.

Usianze na "All Right Now". Wimbo huo umepigwa sana redioni na masikio yameuzoea mno. Anza na "Fire and Water", wimbo unaofungua albamu ya jina hilohilo iliyotoka mwaka 1970. Vaa spika za masikioni, subiri solo ifike. Aliyelelewa na muziki wa dansi, ambako gitaa la solo hutiririka bila kuvuta pumzi, atashangaa: mbona nota chache hivi? Avumilie. Achague nota moja tu ndefu na kuifuata mpaka ifie mbali, akiacha nyingine zote zipite. Kisha arudie solo nzima.

Utakachosikia ndani ya nota hiyo ni vibrato, yaani sauti inayotetemeka karibu na mahali pake. Msikilizaji wa taarabu hahitaji kufundishwa jambo hili. Anajua jinsi mpiga fidla mzuri anavyoishika sauti, akaitikisa mpaka ikawa kama mtu anayeimba huku amebanwa na kilio. Kossoff alilifikisha gitaa la umeme hapohapo. Vibrato yake ni ya haraka, imebana, haina pupa.

Hapa pana kipimo cha kweli, na ukikishika utaweza kumpima mpiga gitaa yeyote. Kidole kikikandamiza uzi na kuusukuma pembeni, sauti hupanda tu. Haiwezi kushuka chini ya pale kidole kilipo. Kwa hiyo vibrato ya kawaida huanzia kwenye nota, hupanda kidogo, hurudi. Lakini mpigaji akiuvuta uzi kwanza mpaka ufikie nota ya juu, kisha akautikisa akiwa bado ameuvuta, mambo yanakuwa magumu. Sasa sauti inaweza kupotea pande zote mbili, na kinachoishikilia ni nguvu ya vidole na sikio peke yake. Wengi huteleza hapo: nota inashuka polepole huku wao wakiendelea kutikisa, na msikilizaji anahisi kuna kitu kimeharibika bila kujua ni nini. Sikiliza Kossoff katika hali hiyohiyo. Kila mtikiso unarudi palepale ulipoanzia, na mwendo wa kutikisa haubadiliki kwa woga. Ukisikia mpigaji anatikisa kwa kasi moja katika kila nota, iwe ya huzuni au ya hasira, jua amejifunza kwa mazoezi lakini bado hajaanza kusikiliza.

Kossoff alianzia kwenye gitaa la klasiki utotoni, huko London alikozaliwa mwaka 1950, mtoto wa mwigizaji David Kossoff. Wa klasiki hutikisa kidole kufuata urefu wa uzi. Wa bluzi husukuma uzi kukata shingo ya gitaa. Alipovutwa na bluzi katikati ya miaka ya 60, baada ya kumsikia Clapton akiwa na bendi ya John Mayall, ilimbidi mkono uanze upya. Naamini usafi wake wa nota ulitoka kwenye ule mwanzo wa kwanza. Mwaka 1969 Free walizunguka Marekani wakitangulia jukwaani kabla ya Blind Faith, bendi ya Clapton, na simulizi inayorudiwa tangu hapo ni kwamba mkubwa ndiye aliyemfuata mdogo na kumuuliza: vibrato ile unaifanyaje?

Baada ya vibrato, sikiliza sauti yenyewe. Ni Gibson Les Paul na amplifaya ya Marshall, na katikati yake hakuna vikorombwezo vingi. Amplifaya ikifunguliwa sana, mawimbi yanayotoka kwenye spika hulipiga gitaa lenyewe na kuufanya uzi uendelee kucheza muda mrefu kuliko kawaida yake. Ndiyo maana nota zake zinakaa. Ila sauti kubwa namna hiyo ni ya hatari: hufichua kila mguso wa bahati mbaya, kila uzi ambao mkono umesahau kuuzima. Katika rekodi nzuri za Kossoff, nyuzi asizozitaka hazisikiki kabisa. Hilo halionekani na halipigiwi makofi, lakini ni nusu ya ufundi wake.

Sasa rudi kwenye "All Right Now", na safari hii tafuta toleo la albamu, lenye zaidi ya dakika 5. Lile la singo limepunguzwa. Sikiliza beti. Besi haipo! Andy Fraser ananyamaza, anaacha gitaa na dramu za Simon Kirke zibebe sauti ya Paul Rodgers, kisha anaingia kwenye kiitikio na wimbo unafunguka. Fikiria mzigo aliobebeshwa Kossoff. Bendi ina gitaa moja, haina kinanda hapo wala mtu wa ridhimu wa kumsaidia, na besi imeondoka. Aliyejaa hofu angejaza nafasi yote. Yeye anapiga pigo moja nene, uzi wa chini ukiwa umeachwa wazi uvume huku vidole vikishika nyuzi za juu zaidi, kisha anaacha. Kimya kinachofuata kimepimwa. Kila pigo lina mahali pa kuanzia na mahali pa kukatwa, na ukilikatisha mapema au ukalichelewesha, wimbo unalegea. Walioujaribu wimbo huu kwenye bendi za hotelini na harusini wanajua: vidole vinajifunza haraka, lakini ule ukataji haupatikani.

Wengi hupima mpiga gitaa kwa solo tu, na mimi naona ni makosa. "Mr. Big" inaonyesha kwa nini, hasa lile toleo la jukwaani lililomo katika Free Live! ya mwaka 1971. Wimbo unapofika kileleni, anayeshika usukani ni Fraser kwa besi yake. Kossoff yuko chini yake, akipiga mseto uleule wa sauti kwa mkono mzito, tena na tena, bila kugombea mwanga. Fuata gitaa hilo peke yake dakika zote hizo. Halipungui nguvu wala halikimbii mbele ya dramu.

Wakati wa kurekodi Fire and Water alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Free ilipoundwa mwaka 1968, Fraser alikuwa na miaka 15, na wengine walikuwa na miaka 17 au 18. Ipo filamu ya tamasha la Isle of Wight la Agosti 1970 inayostahili kutazamwa kwa jambo moja: uso wa Kossoff. Kichwa kinaanguka nyuma, kinywa kinaachama, na midomo inafuata nota kana kwamba ni yeye anayeitoa kooni. Kisha angalia mkono wa kushoto. Umetulia, kiwiko hakirukiruki, kazi yote iko kwenye kifundo na vidole.

Sifa hizi zote si za kila rekodi, na mpenzi wa kweli lazima aseme hivyo. Bendi ilivunjika mwaka 1971, ikarudi, na dawa za kulevya zilikuwa zimekwisha kumshika. Katika albamu ya Heartbreaker ya 1973 hakupiga nyimbo zote. Mwaka huohuo ilitoka albamu yake mwenyewe, Back Street Crawler, na upande wake wa kwanza wote ni "Tuesday Morning", wimbo wa dakika 17 na zaidi. Una vipande vizuri, ila unazunguka mno; pale ndipo unaposikia mkono ukitafuta la kusema. Ruka mpaka "Molten Gold", ambamo wenzake wa Free wapo, na vibrato ile inarudi ikiwa nzima. Alifariki tarehe 19 Machi 1976 ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda New York. Alikuwa na miaka 25.

Albamu ya kwanza ya Free, Tons of Sobs ya 1969, isikilize baada ya hizo. Ni mbichi, ina kelele zaidi na subira kidogo, na ukishajua alikofika utafurahi kusikia "Goin' Down Slow" ambamo tayari anaonyesha dalili za kuacha nafasi. Halafu mweke kando ya Leslie West wa Mountain, Mmarekani wa miaka ileile ambaye naye alipendelea nota chache na nene. Vibrato ya West ni pana, ya polepole, ina kifua. Ya Kossoff ina koo. Wasikilize siku moja, sauti ya redio ikiwa ileile, kabla hujaamua nani unampenda.