Nafasi Haifunguliwi kwa Spana

Jedwali la kurekebisha tapeti za injini ya BMC ya aina ya A lina mistari minane tu. Vali ya 1 irekebishwe wakati ya 8 imefunguka kabisa. Ya 3 wakati wa 6. Ya 5 wakati wa 4. Ya 2 wakati wa 7. Kisha ya 8 kwa 1, ya 6 kwa 3, ya 4 kwa 5, ya 7 kwa 2. Jedwali halisemi kwa nini, wala halimtaji mtenda. Juu yake imewekwa namba moja, ya nafasi kati ya roka na mkia wa vali: sehemu 12 katika elfu moja za inchi, yaani milimita 0.30 hivi, injini ikiwa baridi.

Injini hii ilizaliwa na Austin A30 mwaka 1951, ikaingia kwenye Morris Minor, mwaka 1958 ikapachikwa kwenye kigari cha michezo cha Austin-Healey Sprite, ile yenye taa zilizotokeza kama macho ya chura, kisha ikaingia kwenye Mini. Kwa hiyo fundi wa Malindi au Kilifi aliyejifunzia kazi kwenye Morris ana uwezo wa kuifufua Sprite hata kama hajawahi kuigusa. Jedwali ni lile lile, na ufunguo wake ni mmoja: kila mstari jumla yake ni 9.

Tulisome kama tunavyosoma shairi. Kila mstari una ukwapi na utao: ukwapi ni vali unayoipima, utao ni vali unayoitazama. Mizani haivunjiki, jumla ni 9 toka juu hadi chini. Ikifika mstari wa tano mambo yanageuka: uliokuwa utao unakuwa ukwapi, 1 kwa 8 inarudi kama 8 kwa 1, na mistari minne ya mwisho inaipindua minne ya kwanza kwa mpangilio ule ule. Vina navyo vipo, ila havionekani mpaka ujue namba zimekaa wapi kwenye silinda hedi. Vali zimepangwa moshi, hewa, hewa, moshi, kisha tena moshi, hewa, hewa, moshi. Ukiteremka na ukwapi wa jedwali, 1, 3, 5, 2, 8, 6, 4, 7, unapata moshi, hewa, moshi, hewa mpaka mwisho bila kukosea. Ndani ya mstari mmoja, moshi hukutana na moshi na hewa na hewa.

Urari huu haukutungwa na mhariri mwenye sikio zuri. Kutoka mstari mmoja hadi mwingine kranki huzunguka robo kwa wastani. Mistari minne ni mzunguko mmoja kamili, minane ni miwili, na mizunguko miwili ndiyo safari nzima ya injini ya mipigo minne. Mgeuko wa mstari wa tano unatokea pale hasa kranki inapomaliza mzunguko wa kwanza, pistoni zote zimerudi zilipokuwa, ila silinda zilizo jozi zimebadilishana kazi. Sijui maandishi mengi ya matumizi ambayo umbo lake linabeba maana kwa kiasi hiki. Anayelisoma kwa sauti na kutii, mkono mmoja kwenye feni na mwingine umeshika fila geji, anaizungusha injini kwa mpangilio wa kuwaka kwake, 1-3-4-2, bila kutajiwa mpangilio huo hata mara moja.

Hapo ndipo sifa zangu zinapokoma, maana jedwali hili linaishi ndani ya kitabu, na kitabu kina umbo lake.

Mtu aliyeuzoesha ulimwengu umbo hilo ni John Haynes. Mwaka 1965 alikuwa afisa wa jeshi la anga la Uingereza huko Aden, bandari ambayo majahazi ya pwani yetu yaliielekea kila kusi ilipovuma. Mwenzake alinunua Sprite iliyochakaa, wakaifungua pamoja, na Haynes akagundua kwamba kitabu cha kiwanda hakikuandikwa kwa ajili ya mwenye gari wa kawaida. Akaipiga picha kila hatua. Mwaka 1966 kitabu cha Sprite kikatoka, na nakala 3,000 za kwanza zikaisha kabla miezi mitatu haijatimia. Kwa hiyo umbo la kitabu cha gereji tunachokijua leo, picha za mikono, hatua zenye namba, kichwa kidogo kwa kila kifaa, lilizaliwa kwa kufufua gari lile lile tunalolizungumzia.

Ni umbo la masimulizi ya kufungua. Kitabu kinasimulia kwa undani jinsi ya kutoa, na kikifika kurudisha kinafupisha: fanya yale yale kinyumenyume. Kama mbinu ya uandishi ni ya werevu, inaokoa karatasi na inampa msomaji moyo. Lakini imebeba dai zito kimyakimya, kwamba kila kitu kinarudi vile vile kilivyotoka. Pampu ya maji hurudi hivyo, na dainamo pia. Nafasi hairudi, kwa sababu nafasi si kifaa. Huwezi kuifungua ukaiweka juu ya meza. Ni matokeo ya vyuma viwili vilivyopita kwenye mashine za mafundi mbalimbali kwa miaka 60, na kila aliyesaga au kuchonga alibadilisha kitu ambacho simulizi ya kinyumenyume haina mahali pa kukitaja.

Tuseme Sprite imekaa Malindi miaka mingi, na rejeta yake ilikuwa ikijazwa maji ya kisima yenye chumvi. Silinda hedi italiwa kandokando ya matundu ya maji, na dawa ni kuisaga uso mpaka chuma kizima kionekane. Imesagwa nusu milimita; pengine iliwahi kusagwa na wengine kabla. Sasa vali zote zimesogea nusu milimita karibu na bloku na pistoni, na nguzo za roka zimeshuka, hivyo roka hazilali tena kwenye pembe yake ya awali. Fuata jedwali letu zuri mstari kwa mstari. Skrubu ya roka ina urefu wa kutosha kuificha tofauti yote. Fila geji itapita ikinata kidogo, kama inavyotakiwa, kwenye vali zote nane, na bado vali inaweza kugonga chuma siku injini itakapokimbia. Shairi limetimia mizani na vina, na linachosema si kweli. Jedwali linapima nafasi kati ya roka na mkia wa vali. Upande wa kichwa cha vali halina neno.

Wapo wanaosema kosa la namba ile ni kwamba iliandikwa kwa ajili ya baridi ya Uingereza, na kwamba joto la pwani linadai nafasi kubwa zaidi. Hesabu haiwaungi mkono. Pushirodi ya chuma ya sentimita 20, ikipashwa nyuzi 20 zaidi, hurefuka takriban milimita 0.05, na bloku na hedi, ambazo katika injini hii zote ni za chuma cha kalibu, hukua pamoja nayo. Namba haina ubaya. Kinachokosekana ni sura nzima.

Sura hiyo ingelazimika kuachana na kinyumenyume na kukubali kurudiarudia: funga, pima, fungua, rekebisha, funga tena. Bandika plastisini ya watoto wa shule kwenye bloku na vichwa vya pistoni, ipake mafuta isinate kwenye vali, funga hedi kwa gasketi ya zamani iliyokwisha kubanwa, weka tapeti sawa, zungusha kranki kwa mkono mara mbili, fungua, kata plastisini kwa wembe, pima unene pale palipo pembamba. Waunda injini wengi hutaka angalau milimita 2 upande wa hewa na 2.5 upande wa moshi kati ya vali na pistoni. Nguzo za roka zikiwa zimeshuka, huinuliwa kwa vipande vyembamba vya bati chini yake. Na kwenye injini kubwa ya sentimita za ujazo 1,275, ambayo Sprite ilipewa mwaka 1966, bloku huwa na vishimo vilivyochongwa ili vali ya moshi isigonge. Wahandisi walilijua tatizo, wakaliandika kwenye chuma.

David Vizard, kwenye kitabu chake kinene cha kuongeza nguvu za injini hizi, anaandika kwa umbo jingine kabisa: anajaribu, anabishana, anatoa sababu. Kinachosha, na picha zake si rafiki kama za Haynes. Ila kwenye benchi ya Sprite yenye hedi iliyosagwa mara mbili, hicho ndicho ningekiacha wazi, na cha Haynes nikakifunga kikiwa na alama kwenye ukurasa wa tapeti.