Mji Unaotazamwa, Watu Wasioulizwa

Wengi wetu tunamfahamu Pier Paolo Pasolini, mtunzi wa Kiitalia, kwa filamu yake juu ya Injili ya Mathayo (1964). Isiyojulikana sana ni ile ya mwaka 1970, Appunti per un'Orestiade africana, aliyoipiga Tanzania na Uganda. Hadithi yenyewe haijaigizwa. Hii ni kama daftari la picha: mtunzi anapita Kigoma na Dar es Salaam akitafuta mahali na nyuso zitakazofaa tamthilia za Aeschylus, huku sauti yake mwenyewe ikitafakari.

Tamthilia hizo zahusu kisasi. Orestes amemwua mama yake, aliyemwua baba yake. Miungu wa kisasi wanamwandama hata Athena anapoweka mahakama, nao wa laana wanageuzwa kuwa wa baraka. Pasolini aliona kwamba Afrika iliyotoka kupata uhuru imo katika mgeuko huo. Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinasimama mahali pa hekalu la Apollo, na miti mikubwa inawakilisha miungu wa kisasi. Kwetu swali ni zito: je, sheria yatosha kukigeuza kisasi kuwa amani? Filamu yajibu kwa mahakama. Sisi twajibu kwa msalaba, wala hatuidharau mahakama.

Udhaifu wake uko kwingine. Mpita njia anafanywa Agamemnon au Electra, na ni nadra sana aulizwe neno. Mji umekuwa kioo cha mawazo ya mgeni. Hata hivyo filamu ina unyofu wa pekee: Pasolini aliwaonyesha picha hizo wanafunzi Waafrika huko Roma, nao wakampinga, wakikataa Afrika isemwe kana kwamba ni nchi moja. Maneno yao hakuyakata.

Hapo ndipo wahubiri tunapoguswa. Ni mara ngapi, katika mimbari za Kinondoni au Temeke, mama auzaye maandazi alfajiri au kijana wa mkokoteni hutajwa kuwa mfano wa hoja iliyokwisha kutungwa? Ameonekana, lakini hakuulizwa. Tena, ni nani baada ya ibada apewaye nafasi ya kumpinga mchungaji? Mungu wa Isaya 43 huwaita watu wake kwa jina. Basi filamu hii na itazamwe vyuoni mwetu. Kisha wanafunzi waende mitaani, wakaulize majina na kusikiliza, kabla ya kuandika hubiri.