Faili la Nota na Faili la Sauti: Tahakiki ya Istilahi za Muziki wa Michezo ya Kompyuta

Tuliletewa tafsiri ya makala juu ya muziki wa michezo ya kompyuta ya miaka ya 1980 na 1990 ili tuihakiki kabla haijapelekwa kwa walimu. Tulitarajia kuhangaishwa na majina ya vifaa, lakini majina hayakutusumbua. Kilichotukwaza ni sentensi moja isemayo kwamba rekodi za muziki wa mchezo wa Doom zina ubora hafifu. Sarufi yake ni safi, na hakuna neno ndani yake lisilofahamika. Hata hivyo si kweli, kwani mchezo huo, uliotolewa na kampuni ya id Software mwaka 1993 kwa kompyuta za aina ya PC, haukubeba rekodi hata moja ya muziki.

Ulibeba nini basi? Ulibeba mafaili ya umbizo liitwalo MUS, ambalo ni jamaa wa karibu wa midi, yaani utaratibu uliowekwa mwaka 1983 ili vinanda vya umeme na kompyuta viweze kupashana habari. Ndani ya faili la namna hiyo hamna sauti kabisa. Mna maagizo tu: ala nambari fulani ianze kulia, itoe noti hii, kwa nguvu kiasi hiki, inyamaze baada ya muda huu. Mwalimu wa kwaya atalielewa jambo hili upesi kuliko fundi wa kompyuta. Karatasi moja ya nota huimbwa na waimbaji arubaini wakisindikizwa na kinanda, na kwingine huimbwa na wanane wasio na ala yoyote. Hatujapata kumsikia mtu akilaumu karatasi.

Katika Doom mwimbaji alikuwa kadi ya sauti ya mwenye kompyuta. Kadi ya AdLib, iliyoingia sokoni mwaka 1987, ilitumia kijenzi cha Yamaha kiitwacho YM3812, chenye uwezo wa kutoa sauti tisa kwa pamoja, zote zikiwa za kusanisiwa. Gitaa lililokusudiwa kukwaruza lilitoka humo likivuma kama nyuki ndani ya kopo. Aliyekuwa na Roland SC-55 ya mwaka 1991, ambayo imehifadhi sampuli za ala halisi, alilisikia faili lilelile likikaribia gitaa la kweli. Ubora hafifu aliousikia mwandishi ulikuwa wa mpigaji, naye mfasiri akautwika wimbo.

Huenda mtu akasema kwamba huku ni kupasua nywele. Hatuafiki. Mtunza kumbukumbu akiambiwa kwamba faili la nota ni “rekodi mbovu”, atafanya lililo la busara kwake: atatafuta rekodi nzuri ya wimbo huo, aihifadhi, na lile faili dogo alifute. Dakika moja ya muziki katika sidii, wenye sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 na njia mbili, huchukua takriban megabaiti 10. Wimbo mzima wa umbizo la MUS hauzidi kilobaiti 64. Lakini hicho kidogo ndicho asili, na rekodi ni upigaji mmoja tu miongoni mwa mingi iwezekanayo. Tena yako mambo ambayo rekodi ya kawaida haiyawezi. Katika mchezo wa Monkey Island 2 wa mwaka 1991, Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya LucasArts walitumia mfumo wao wa iMUSE, uliouwezesha muziki kugeuka taratibu mchezaji alipotoka mahali pamoja kwenda pengine, bila kukatika. Maagizo hubadilishwa yakiwa njiani; sauti iliyokwisha kurekodiwa haikubali kwa urahisi hivyo.

Kwa hiyo twapendekeza *faili la sauti* kwa lile lililobeba rekodi, na *faili la nota* kwa lile lililobeba maagizo. Tunajua kwamba midi si nota hasa, kwa kuwa hutaja hata nguvu ya kidole. Wako waliopenda *faili la maagizo*, nalo ni sahihi zaidi, ila ofisini lingedhaniwa kuwa waraka wa mkurugenzi. Lipo pia la tatu, ambalo mfasiri wetu alilipita kimya: umbizo la MOD, lililoanza na programu ya Karsten Obarski ya mwaka 1987 kwa kompyuta ya Amiga. Hilo hubeba nota pamoja na sampuli fupi za ala zenyewe, kama mpigaji asafiriye na ngoma zake. *Faili la nota na sampuli* ni jina refu, lakini halidanganyi.

Neno lililotuudhi zaidi ni kitenzi. Mfasiri ameandika mara nyingi kwamba kadi “inacheza muziki”. Kwa Kiswahili muziki hupigwa. Anayeucheza ni yule aliyesimama ukumbini akizungusha kiuno. Wazee wetu walipiga santuri, wakapiga na kanda, na hatuoni sababu ya kadi ya sauti kunyimwa kitenzi hicho. Katika makala yenye mchezo, mchezaji na muziki, kosa hili humpoteza msomaji kabisa.

Neno *ubora* nalo lisiachwe peke yake. Pawe na ubora wa rekodi, ambao hupimika kwa sampuli na biti, na ubora wa upigaji, ambao ni wa kifaa. Aidha pawe na *ulinganifu*, kwani faili lililoandikwa kwa ajili ya Roland MT-32 ya mwaka 1987 likipigwa na kifaa kinachofuata orodha ya ala 128 iliyosanifishwa mwaka 1991, huita ala zisizo zake, ingawa faili ni zima na kifaa ni kizima.

Orodha hiyo yenyewe inahitaji mkono wa Mswahili. Nambari 13 ni marimba na nambari 109 ni kalimba. Mfasiri ameziita zote mbili marimba. Ya kwanza ni ya mbao zinazogongwa kwa vijiti. Ya pili ni ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, jamaa ya ilimba ya Wagogo. Jina kalimba libaki. Udi na ganuni havimo katika zile 128, hivyo mwandishi wa nota za taarabu atalazimika kuazima nambari ya ala nyingine, na mfasiri asizitie ala hizo pale zisipokuwapo.

Tafsiri tumeirudisha kwa mwenyewe. Sentensi yake tumemwandikia upya hivi: mafaili ya nota ya mchezo wa Doom, yakipigwa na kadi ya AdLib, hutoa sauti hafifu.