Fundi wa Joto

Khanga inayofaa kumfungia mtoto njiti kifuani ni ile iliyofuliwa miaka mingi mpaka maandishi yake yakapauka. Khanga mpya ina wanga. Inateleza, na fundo lake hulegea pole pole bila aliyeifunga kujua. Kitenge kipya nacho ni kigumu, hakilali mwilini. Mama yangu alikuwa akiyajua haya kwa vidole. Siku wajukuu wake pacha waliporuhusiwa kutoka wodini, alifungua sanduku, akazipitia khanga zake moja moja, akizivuta na kuzifinyanga kiganjani, akatenga nne. Zile nzuri kwa macho alizirudisha.

Nilikaa naye wiki za mwanzo nyumbani kwa dada yangu, Njombe, mwezi wa Juni. Nilichokiona pale ni ufundi kamili, wenye vifaa vyake na vipimo vyake. Watu wakimwona bibi amekumbatia vichanga husema ana huruma. Huruma anayo, ila ningependa asifiwe kwa kazi yenyewe, kama seremala anavyosifiwa kwa mlango unaofunga bila kukwaruza.

Kulwa na Doto walizaliwa wiki ya 31 ya mimba, mwanzoni mwa Mei. Mtoto hujiwekea mafuta ya mwili katika wiki za mwisho za mimba, yakiwemo yale ya kahawia ya shingoni na mgongoni ambayo kichanga huyachoma ili kujipasha joto. Anayezaliwa wiki ya 31 ametoka kabla ya kujaliwa akiba hiyo. Ngozi yake ni nyembamba, tena ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto linamtoka upesi kuliko anavyoweza kulitengeneza. Akipoa, nguvu ya maziwa aliyonyweshwa inaishia kwenye kutafuta joto; hakui, sukari ya damu inashuka, pumzi inayumba. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni ndiyo baridi yenyewe. Kulwa alitoka hospitali na kilo 1.85, Doto na 1.65. Ukimlaza mtoto wa uzito huo kitandani na kumrundikia mablanketi, umefunika ubaridi, maana blanketi hutunza joto lililopo tu.

Nyumba nyingi za kule huingiza jiko la mkaa chumbani. Mama alilikataa siku ya kwanza, na jirani aliyelileta kwa nia njema akarudi nalo. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu ambayo imeua watu wazima usingizini. Alizikataa pia chupa za maji ya moto, kwa kuwa ngozi ya njiti huungua kwa joto ambalo mkono wa mtu mzima unalivumilia. Dada alipomuuliza sasa watoto watapata wapi joto, alijipiga kifuani kwa kiganja. "Hapa."

Alifunga hivi. Mtoto anabaki na nepi, soksi na kofia ya kufuma. Mama anaketi ameegemea mito, kifua wazi. Mkono mmoja unapita chini ya makalio ya mtoto, mwingine unashika shingo na kisogo pamoja, na mtoto anatua wima, ngozi kwa ngozi, kati ya titi na mfupa wa kifua. Miguu inakunjwa na kupanuliwa, mikono inakunjwa juu. Kichwa kinageuzwa upande, kidevu kinainuliwa kidogo tu, kwani kikizama kifuani njia ya hewa inajikunja, na kikiinuliwa mno ni vilevile. Khanga inapita mgongoni mwa mtoto, ukingo wa juu ukiishia chini kidogo ya sikio. Inakazwa penye kifua na kuachiwa nafasi penye tumbo, maana kichanga hupumua kwa tumbo. Fundo linakaa ubavuni ili aliyembeba aweze kuegemea. Kisha Mama anasimama, anatanguliza kiganja chini ya mtoto, anainama kidogo. Mtoto asiposhuka hata unene wa kidole, kazi imekubaliwa. Akishuka, inafunguliwa yote na kuanzwa upya, hata kama ni saa tisa usiku.

Hayo alifundishwa na manesi wa wodi, nao walimfundisha vizuri, wakimshika mikono mpaka akaweza peke yake. Nyumbani ndipo alipokutana na mtihani wa pacha. Njia ya wodini ilikuwa kitambaa kimoja kwa watoto wote wawili. Kinafaa, mpaka mmoja anapotaka kula na mwingine amelala, kwani kumtoa mmoja ni kumfunulia mwenzake baridi. Mama akaanza kutumia khanga mbili. Ya Kulwa ilifungwa chini ya kwapa la kulia, ya Doto chini ya kwapa la kushoto, zikipishana kifuani, na ya tatu ikapita juu ya zote kama mkanda mpana. Kumtoa Doto kulitaka kulegeza ya tatu na kufungua ya kushoto, Kulwa hakuguswa. Nilimtazama akiifanya gizani bila kuwasha taa. Vidole vilijua fundo lipi ni la nani.

Utaratibu huu wa kumbeba njiti kifuani, unaoitwa kangaruu, ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyofurika, vifaa vya kuwatunzia watoto joto havitoshi, watoto wakilazwa zaidi ya mmoja katika kifaa kimoja na kuambukizana. Akawakabidhi watoto kwa vifua vya mama zao, na mwenzake Héctor Martínez akaja kuiendeleza kazi hiyo pamoja naye. Bogotá iko zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari, mji wa baridi kuliko hata Njombe. Kwa muda mrefu njia hiyo ilionekana kuwa ya maskini wasio na mashine. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12 katika siku 28 za mwanzo. Waliosubiri kwanza watulie, ndipo wabebwe, walifariki asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikuwa wazi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri njiti wabebwe hivyo kati ya saa 8 na 24 kwa siku, hospitalini na nyumbani.

Katika utafiti huo mama alikuwa na msaidizi aliyeruhusiwa kumbeba mtoto wakati yeye hawezi. Nilifurahi sana kulisoma hilo, kwa sababu saa 24 haziwezi kubebwa na mwili mmoja, sembuse kwa pacha. Mama mzazi lazima aoge, ale, alale hata kidogo. Hata hivyo kifua cha mzazi kina jambo lake la pekee. Mwaka 2006 Susan Ludington na wenzake, huko Marekani, walipima joto la matiti ya mama waliobeba pacha wote wawili kwa pamoja, wakakuta kila titi linapanda na kushuka kivyake, kufuata mtoto aliyelala upande ule. Mama hajasoma utafiti wowote, lakini zamu alizipanga akimpa dada asubuhi na wote wawili, na yeye mwenyewe akichukua mchana mmoja mmoja.

Zamu ya mwanzo wa usiku ilikuwa ya shemeji, na hapo heshima ya ukwe ikaingia. Mama hawezi kumfunga mkwewe khanga kwenye kifua kilicho wazi. Akamfundisha dada, dada akamfunga mumewe, na Mama akabaki upande wa pili wa pazia akiuliza.

"Baba Kulwa, sikio linaonekana?"

"Linaonekana, Mama."

"Kidevu?"

"Kimeinuka kidogo."

"Haya, simama. Inama. Ameshuka?"

Alirekebisha fundo asiloliona. Baada ya wiki moja hivi maswali yalikwisha, na shemeji akawa anakaa na Doto kifuani akisahihisha madaftari ya wanafunzi mpaka usiku wa manane.

Kipimajoto kilikuwepo, na nyuzijoto zilizotakiwa ni kati ya 36.5 na 37.5. Kabla ya kukitumia, Mama aligusa kwanza tumbo, kisha nyayo, kwa upande wa nyuma wa vidole. Tumbo na nyayo vyote vikiwa na joto, mtoto yuko salama. Tumbo likiwa na joto na nyayo zimepoa, mtoto ameanza kupambana na baridi, na dawa ni kumrudisha kifuani na kuongeza kofia. Vyote vikipoa na kifua kisimrudishie joto, ni safari ya hospitali bila kusubiri asubuhi. Alisikiliza na pumzi vilevile. Njiti husita kidogo, sekunde chache, kisha huendelea, na Mama alikuzoea kusita huko mpaka akaweza kulala nako. Lakini siku pumzi ya Doto ilipochelewa zaidi ya ilivyozoeleka, nilimwona Mama akiamka kutoka usingizini na kumsugua mgongo hata kabla sijaelewa kuna nini. Alfajiri akampeleka hospitali, akatazamwa, wakarudi.

Kulisha ndiko kulikotaka subira kuliko yote. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio ni kazi tatu ambazo mtoto huanza kuziunganisha karibu na wiki ya 32 mpaka 34, na Doto alikuwa bado anachoka baada ya mikupuo michache. Dada alikamua, na Mama akanywesha kwa kikombe kidogo. Mtoto anakalishwa karibu wima, amefungwa mikono isimwage. Ukingo wa kikombe unagusa mdomo wa chini, kikombe kinainamishwa mpaka maziwa yaguse mdomo tu, na hapo mkono unasimama. Mtoto mwenyewe ndiye anayetoa ulimi na kuyaramba. Kumimina ni hatari, maana maziwa huingia mapafuni. Niliuona mkono wa Mama ukisimama bila kutikisika, ukingoja ulimi utoke, urudi, mtoto ameze, avute pumzi, ulimi utoke tena. Mililita chache zilichukua nusu saa. Hakumharakisha hata mara moja, na sikuwahi kumsikia akipumua kwa kuchoka. Alipomaliza alimweka begani mpaka acheue.

Njiti hulala njaa, hawalii kama watoto waliotimia. Ni wa kuamshwa kila baada ya saa mbili au tatu. Ili asichanganye, Mama aliweka vibakuli viwili dirishani, cha Kulwa na cha Doto, kila kimoja na punje za mahindi, akihamisha punje moja kila mtoto aliposhiba. Dada ana simu yenye programu ya kukumbusha. Baada ya siku kadhaa yeye naye akawa anaangalia vibakuli.

Wageni walikuja, kama inavyostahili. Mlangoni palikuwa na beseni, jagi na sabuni. "Kamwene," Mama aliitikia salamu, kisha "nawa kwanza, mwanangu," hata kwa mtu aliyemzidi umri. Aliyekohoa aliletewa kiti nje juani na uji wake, akaongea kupitia dirishani. Hakuna aliyewabusu watoto. Wengine walinuna, na Mama aliwaacha wanune. Swali lao lilikuwa moja: wana muda gani? Alijibu kwa majibu mawili, la tangu walipozaliwa na la tangu siku waliyotarajiwa kuzaliwa, ambayo ilikuwa mwanzoni mwa Julai. Hata kliniki hupima maendeleo ya njiti kwa hesabu hiyo ya pili. Wageni waliokuja Juni waliambiwa, kwa uso mkavu, kwamba watoto hawajazaliwa bado.

Kwenye mizani ya kliniki njiti anatakiwa aongeze kiasi cha gramu 15 kwa siku kwa kila kilo aliyo nayo. Kwa Doto wa kilo 1.65 hiyo ni gramu 25 hivi, uzito wa vijiko viwili vya chakula vya sukari. Mama aliipokea kadi kila wiki, akamwomba dada amsomee tarakimu mara mbili, kisha akarudi nyumbani kurekebisha. Wiki Doto alipopanda kidogo kuliko inavyotakiwa, alimpa yale maziwa ya mwisho ya kukamua, yenye mafuta mengi, na kumwongezea zamu za kifuani usiku. Wiki iliyofuata alipanda vizuri.

Julai ilipoingia Kulwa alikuwa amefika kilo 2.5, na alianza kukataa khanga. Alichomoa mikono, akasukuma kwa miguu, akageuza kichwa huku na huku mpaka kofia ikavuka. Ndivyo inavyotakiwa: mtoto aliyekwisha kupata joto lake mwenyewe hutoka kangaruu kwa hiari yake. Mama alimfungua na kumlaza pembeni, akamgusa tumbo na nyayo baada ya muda, na baadaye tena. Vilikuwa na joto. Doto alibaki kifuani karibu mwezi mzima zaidi, na sasa kwa kuwa alikuwa peke yake, Mama alirudi kwenye khanga moja na kuhamishia fundo kulia, mkono wa kushoto ubaki huru kwa ajili ya Kulwa.

Majirani wakaanza kuuliza ni lini atambeba Kulwa mgongoni, kama watoto wote wa Njombe. Mama akasema shingo bado.