Kila Mtu ni Ridhaa, Hakuna Kedi

Kuna kizazi cha Wakenya kilichofundishwa ubaya wa chuki kwa alama ishirini. Kuanzia KCSE ya 2018 hadi ya 2022, riwaya teule ya Kiswahili ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, na kama ulipitia sekondari miaka hiyo, iwe Thika au Turkana, unaijua hata kama hukuimaliza. Unamjua Ridhaa, daktari, akiwa kwenye mabaki ya nyumba yake. Unajua uchaguzi umefanyika, mwanamke aitwaye Mwekevu ameshinda, kuna waliokataa kushindwa naye, na Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi, amehusika na moto ulioimaliza familia ya Ridhaa. Unajua pia, kwa sababu mwalimu alirudia mara mia, kwamba hapo kuna mbinu rejeshi.

Nimeisoma upya, safari hii bila mwongozo na bila mtihani mbele yangu, nikiwa na swali moja: inatusaidiaje kuelewa kinachotokea hapa kwetu, kati ya Ruiru na Thika, kila mara matokeo yanapotangazwa? Maana hapa kwetu nyumba kwa kawaida hazichomwi. Hapa watu huendelea kusalimiana.

Nianze na sifa, kwa kuwa sisi wahakiki wa mitandaoni tuna tabia ya kuingia na panga. Matei anajua kwamba vita havianzi siku ya vita. Ridhaa anaingia shule akiwa mtoto, mgeni katika eneo hilo, na mwenzake anamwita mfuata mvua. Maneno mawili tu, ya mtoto kwa mtoto. Miongo inapita, Ridhaa anasoma, anakuwa daktari, anajenga, anatibu watu, na maneno yale yanamngoja. Moto unapokuja, msomaji makini anahisi kwamba kiberiti kiliwashwa darasani zamani sana.

Sasa kumbuka Aprili 2022, miezi minne kabla ya kura. Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Mtandao mzima ukacheka kwa sababu ndani yake kulikuwa na "sipangwingwi", neno la wimbo wa Exray, Trio Mio na Ssaru ambalo William Ruto alikuwa ameligeuza kuwa kaulimbiu. Tulicheka sana, na kicheko kilikuwa na haki yake. Lakini orodha ile ilikuwa pia na "madoadoa", "kwekwe", "wakuja" na "kihii", na haya hayakupata meme nyingi. Wakuja ni mfuata mvua yuleyule. Kuhusu kihii, mtoto yeyote aliyekulia Kiambu amelisikia mezani, kwenye chai, likisemwa kuhusu mgombea fulani, na watu wazima wakacheka. Ni neno la kumwambia mwanaume mzima kwamba yeye bado ni kijana asiyetahiriwa, kwa hiyo hana haki ya kutawala wanaume. Halihitaji jukwaa la mkutano. Sebule inalitosha.

Mhusika ninayempenda zaidi ni Selume, yule muuguzi aliyeolewa upande wa pili. Hakuna aliyemchomea nyumba. Ndoa yake tu ndiyo iliyoshindwa kuubeba uchaguzi. Kurasa zake ni chache mno, na kwangu mimi huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu Selume ndiye anayeishi Ruiru.

Fikiria ploti ya kawaida ya Ruiru, sema Kimbo au Kihunguro. Ghorofa nne, singo na bedsita, kamba za nguo juu, keateka chini karibu na geti. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini Ruiru, na wengi wao wamefuata kazi, kodi nafuu na Thika Road ile pana iliyokamilika 2012. Wafuata mvua, kama unapenda. Ngazi moja ina mtu wa Murang'a, wa Kitui, wa Siaya, wa Kakamega na wa Kisii, na wote huongea Kiswahili kwa sababu hakuna lugha nyingine ya kuulizana nani amefunga maji. Thika ni hivyohivyo, tena kwa muda mrefu zaidi: mji wa viwanda na mananasi hauwezi kuendeshwa na watu wa kabila moja.

Wiki moja kabla ya kura, ploti hiyo huanza kupungua watu. Wengine wanaenda ushago kupiga kura, ndiko walikojiandikisha. Wengine hawakujiandikisha popote, lakini wanaenda vilevile. Hakuna aliyewatishia. Wanasema wanaenda kuona mama. Keateka anawauliza, kwa upole kabisa, "Na mtarudi?" Hilo ni swali la kodi, na si la kodi peke yake.

Agosti 2022 tulipiga kura tarehe 9 na kungoja hadi tarehe 15. Siku sita. Fomu za 34A zilikuwa wazi mtandaoni, kwa hiyo kila mtu akawa karani wa Bomas, simu mkononi, akijumlisha. Kisha Wafula Chebukati akamtangaza Ruto kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga, makamishna wanne wakayakana matokeo, na Mahakama ya Juu ikayathibitisha Septemba 5. Katika muda huo wote nilichosikia mtaani hakikuwa tusi. Kilikuwa kiwakilishi: "Watu wenu wanasemaje?" Au, baada ya tangazo: "Poleni, lakini nyinyi pia mmezidi." Mtu mmoja amesimama mlangoni na beseni la nguo, na unamwambia "nyinyi". Amegeuzwa kuwa halaiki akiwa peke yake. Anajibu kwa kucheka, anaanika nguo, anarudi ndani, na kuanzia siku hiyo hakuombi chumvi tena. Hakuna mahakama wala tume inayoweza kuliorodhesha neno "nyinyi".

Hili ndilo Chozi la Heri inalokaribia na kuliacha. Na sababu, nadhani, iko katika uamuzi wa kwanza kabisa wa riwaya: kutotaja mtu. Nchi ni ya kubuni, koo ni za kubuni, majina hayana ushago. Naelewa. Kitabu kinachotaka kupita KICD na kusomwa kutoka Mandera hadi Migori hakithubutu kuandika Mkikuyu, Mluo, Mkalenjin. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, iliyochukua nafasi yake darasani, nayo ina jamii za kubuni zinazochukiana. Waandishi wetu wa Kiingereza walijipa uhuru zaidi: toleo la tano la jarida la Kwani?, la 2008, lilikusanya sauti za watu waliokuwemo, na Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor inaanza na kifo jijini Nairobi wakati wa vurugu za uchaguzi wa 2007 na kurudi nyuma mpaka kuuawa kwa Tom Mboya 1969. Ajabu ni kwamba Kiswahili, lugha ambayo kwayo makabila yote ya ploti huombana sabuni, ndicho kinachoongea kwa barakoa.

Barakoa hiyo ina matokeo darasani. Chukua shule yoyote ya Thika, darasa la wanafunzi hamsini. Hapa ameketi binti ambaye familia yake ilifukuzwa Bonde la Ufa baada ya tangazo la Desemba 30, 2007, ikaja kuanza upya Kiambu. Anaposoma Kedi, anajua kabila la Kedi bila kuambiwa. Dawati la pili ameketi kijana ambaye baba yake, Januari 2008, alikimbilia kituo cha polisi cha Tigoni, kule Limuru, ndani ya Kiambu hiihii, kwa sababu majirani walitaka kulipiza kisasi cha Bonde la Ufa kwa yeyote aliyetoka magharibi. Yeye pia anajua kabila la Kedi. Wanajibu swali lilelile, wanapata alama zilezile, na kila mmoja anaondoka akiwa Ridhaa. Tume ya Waki ilihesabu waliokufa kuwa 1,133. Ukiwasoma wanafunzi wetu utadhani watu hao waliuawa na wageni kutoka nchi ya Wahafidhina.

Halafu siasa ikafanya kitu ambacho riwaya haikukiwazia. Kedi akawa mtu wetu. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na Ruto waliungana, na mwaka 2022, Uhuru mwenyewe akiwa upande wa Raila, sehemu kubwa ya Kiambu ilimkataa mwana wa Gatundu na kuchagua wilbaro. Uhasama uliingia ndani ya nyumba moja. Nawajua wazee wa Thika walioitwa wasaliti na watoto wao kwa kumfuata Uhuru, kwenye meza ambayo miaka tisa kabla ilikuwa ni usaliti kutomfuata. Binti yule wa darasani, ambaye mama yake alikuwa akilia akisikia jina la Eldoret, akamwona mama huyo amevaa fulana ya njano. Je, alikuwa amesamehe? Au alikuwa amepata tu adui mpya wa pamoja? Hapo ndipo ningetaka riwaya. Hapo ndipo Matei, mwenye jicho zuri hivyo kwa maneno madogo, angeweza kutuumiza vizuri.

Badala yake, sehemu ya mwisho ya kitabu inakusanya familia. Ndugu waliotengana wanakutana, wengine kwa sadfa ambazo hata mwandishi wa vipindi vya saa moja jioni angeziogopa. Machozi yanageuka ya heri. Sina ugomvi na furaha, lakini tazama nani hakualikwa. Kedi hatumwoni akiamka asubuhi ya pili, akipita pale penye majivu, akitafuta maneno ya kumwambia mkewe. Judy Kibinge alithubutu katika filamu yake Something Necessary ya 2013: pembeni ya Anne, aliyepoteza mume, kuna Joseph, kijana aliyekuwa miongoni mwa washambuliaji, na kamera inakaa naye hata tunapotamani iondoke. Filamu ile ina udhaifu wake, mwendo unapooza katikati, lakini huwezi kuitazama na kutoka ukiwa Ridhaa mtupu.

Kuna watakaosema kwamba wasomaji wa Chozi la Heri ndio haohao walioingia barabarani Juni 2024 wakisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana woga. Hesabu ya umri inakubali. Kwa wiki chache "sisi" ilibadilika maana, hata Thika Road, hata Githurai, ambako milio ya risasi ilisikika usiku wa Juni 25. Ningependa kukipa kitabu sifa hiyo. Lakini Oktoba mwaka huohuo Rigathi Gachagua aling'olewa unaibu wa rais, na mara tukarudi kwenye sarufi ya zamani, sasa ikiwa na kejeli: "Si ni nyinyi mlimchagua?" Swali hilo huulizwa kwenye matatu, kwenye kinyozi, kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti bei ya unga inapopanda. Anayeulizwa huenda hakupiga kura kabisa. Ana jina la mlimani, inatosha. Na anayeuliza anahisi raha fulani ambayo, tuwe wakweli, ni tamu kuliko unga wenyewe.

Kura nyingine ni Agosti 10, 2027. Waliofanya mtihani wa mwisho wa Chozi la Heri, wengi wao walikuwa hawajafikisha miaka 18 Agosti ya 2022, kwa hiyo hiyo ndiyo itakuwa kura yao ya kwanza ya urais.

Nakala niliyoisoma nilinunua kwa muuzaji wa vitabu kuukuu Thika mjini. Mwenyewe wa zamani alikuwa mwanafunzi mwenye bidii: kila ukurasa una penseli, na nyuma, kwenye karatasi tupu, amechora jedwali la wahusika, sifa upande mmoja, umuhimu upande mwingine. Ridhaa ana sifa tisa. Selume ana nne. Kwa Kedi ameandika "katili", akaipigia mstari mara mbili. Upande wa umuhimu ameacha wazi.